Mafunzo Niliyopata Kutoka Ulingoni Hadi Kwenye Kona

Ngumi za ridhaa ndizo zilizonilea. Nilianza kwa kuruka kamba kibarazani Temeke, nikachukuliwa na timu ya jeshi, nikawa bingwa wa taifa wa uzito wangu, nikavaa fulana ya Tanzania. Nilipotundika glovu nilirudi nyumbani kufundisha. Jioni tunakutana katika ukumbi wa sakafu ya saruji upande wa Keko, magunia yananing'inia kwenye boriti, na umeme ukikatika tunamalizia mazoezi kwa mwanga wa taa za bodaboda zilizoegeshwa mlangoni.

Watu wakisikia bingwa amekuwa kocha, hudhani kazi ya jasho imekwisha, kilichobaki ni kushika filimbi. Kumbe kazi yenyewe ndiyo inaanza, na kwangu mimi sehemu yake kubwa imekuwa kuchelewesha. Kijana ana kipaji, promota ana haraka, mtaa unapiga kelele, nyumbani hakuna kitu. Wote hao wanamsukuma apande ulingoni wikiendi hii. Lazima awepo mtu mmoja wa kusema bado, na mtu huyo ni kocha. Haya ninayoyaandika nimeyapata katika kusema bado kwa miaka mingi.

1. Ubingwa haumfanyi mtu kuwa mwalimu

Bondia mzuri mara nyingi hajui anafanyaje anachokifanya. Mwili umeshajua, kichwa hakiulizwi. Mtoto akikuuliza, "Kocha, jebu inaanzia wapi?" huwezi kumjibu kwa kumwonyesha mkanda wa ubingwa. Unatakiwa uifumue ngumi uliyoirusha maelfu ya mara, kipande kwa kipande, mpaka uone ilivyoshonwa.

Jebu ya kushoto inaanzia kwenye mguu wa nyuma. Kisigino kinainuka kidogo sana, upana wa kidole, nyonga inasogea, bega linapanda na kufunika kidevu, mkono unanyooka, na kiganja kinageukia chini mwishoni kabisa, ngumi inapogusa. Kisha mkono unarudi kwa njia ile ile uliyoendea, juu, usawa wa shavu. Hapo kwenye kurudi ndipo vijana wengi wanapopigwa. Mkono unakwenda vizuri, halafu unarudi kwa kushuka kiunoni, na mwenye macho anaiona nafasi. Siku hizi mwanafunzi mpya namsimamisha kando ya ukuta, ubavu wa kushoto karibu na saruji, namwambia arushe jebu bila kiwiko kukwaruza ukuta. Kiwiko kikichubuka, anajua mwenyewe kimetoka nje. Ukuta haumpendelei mtu.

Jiji hili lina mfano mkubwa wa bondia aliyegeuka mwalimu. Habibu Kinyogoli alipigana Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akatumia maisha yake kufundisha vijana wa Dar es Salaam, kizazi baada ya kizazi. Sisi tuliokuja nyuma tulikua tukijua kwamba inawezekana mtu akafika Olimpiki, akarudi uswahilini, akaanza kufunga bendeji mikono ya watoto wa watu. Bila kumwona mzee wa namna hiyo, wengi wetu tungeishia kusimulia mapambano yetu kwenye vijiwe vya kahawa.

Na kuna hili la kona. Mapumziko kati ya raundi ni dakika moja tu. Bingwa wa zamani akikaa kona hutaka kumwambia kijana kila kitu anachokiona, kwa sababu anaona mengi. Kijana anahema, masikio yanavuma, damu inakwenda mbio. Atasikia jambo moja. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya ile dakika haina maneno: kinga ya meno inatoka, maji kidogo, avute pumzi tumboni. Halafu sentensi moja, fupi, ya kitu anachoweza kukifanya: "Toka upande wa kulia ukimaliza." Basi. Kengele ikilia, hilo moja atakuwa nalo.

2. Miguu kwanza, hata kama mtaa unacheka

Nachora mraba wa chaki sakafuni. Mwanafunzi mpya anaingia humo, na mwezi wa kwanza gunia halimhusu. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, bila miguu kukutana na bila kupishana. Anavaa raba za mtumba kutoka Tandika, au anakuwa peku. Kwa zoezi hili peku ni bora, maana vidole vinashika sakafu. Wapo wanaoondoka wiki ya pili. Wanasema wamekuja kujifunza ngumi, si ngoma.

Karim Mandonga alipovuma, na hasa baada ya ushindi wake wa Nairobi Januari 2023 dhidi ya Daniel Wanyonyi, nilipata watoto wengi kuliko wakati mwingine wowote. Kila mmoja alitaka Sugunyo, ile ngumi aliyoipa jina mwenyewe. Namshukuru Mandonga kwa dhati. Aliwarudisha kina mama na watoto kwenye ngumi, na watu waliokuwa hawajawahi kukaa mbele ya televisheni kuangalia pambano wakakaa. Lakini mtoto anayeomba Sugunyo kabla hajajua kusimama, namwingiza kwenye mraba wa chaki kama wenzake. Waliovumilia mraba ule ndio ninaowapeleka kwenye mashindano leo.

Alfajiri tunakimbia. Saa kumi na moja, kabla daladala hazijajaa Barabara ya Kilwa, tunatoka Mtoni kuelekea Mbagala na kurudi. Ukichelewa, moshi na vumbi vinakukuta njiani na mazoezi yanageuka mateso ya kifua. Wengi wao wakitoka hapo wanakwenda vibaruani: kubeba mbao kwa mafundi samani wa Keko, kushusha mizigo Tandika, kuendesha bajaji. Kocha asiyejua mchana wa kijana wake unavyopita atampangia mazoezi ya mtu mwingine.

3. Ridhaa ni shule, na shule haikimbiwi

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati. Alipoteza mbele ya Mwingereza John Conteh, akarudi na medali ya fedha. Conteh yule yule, miaka minne baadaye, akawa bingwa wa dunia wa WBC wa uzito wa juu mwepesi. Yaani Mtanzania wa ngumi za ridhaa alisimama ulingoni na mtu wa kiwango hicho, katika fainali, nchi ikiwa haijatimiza hata miaka tisa tangu Uhuru. Mwaka 1998, katika michezo hiyo hiyo huko Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alichukua dhahabu ya uzito wa bantam. Halafu kimya kirefu. Ilibidi tungoje hadi Birmingham 2022, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walipoleta shaba mbili kwa mkupuo. Changalawe alizuiwa nusu fainali na Mskoti Sean Lazzerini, ambaye ndiye aliyeondoka na dhahabu.

Kutoka 1998 hadi 2022 ni miaka 24. Mtoto aliyezaliwa siku Yombayomba anavishwa dhahabu alikuwa mtu mzima, pengine ana mtoto wake, ndipo akaona medali nyingine ya ngumi ya michezo hiyo. Na kwenye Olimpiki hadithi ni fupi zaidi: medali zetu zote ni zile mbili za fedha za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na zote ni za riadha. Paris 2024 tulipeleka wanamichezo saba, wa mbio za marathoni, kuogelea na judo. Bondia hakuwepo hata mmoja.

Sasa tembea Keko, Buza, Yombo, Mbagala, au vuka mji uende Manzese na Tandale, uniambie kama hakuna vijana wenye mikono. Wapo tele. Kinachokosekana ni mapambano. Bondia wa ridhaa anakomaa kwa kupigana mara nyingi, raundi tatu tatu, na watu wa kila namna: mrefu, mfupi, wa mkono wa kushoto, mwenye pupa, mjanja. Vijana wa nchi zilizotutangulia wanafika mashindano makubwa wakiwa na mapambano mengi sana miguuni mwao. Wa kwetu anafika akiwa na machache, na mengi katika hayo amepigana na watu wa mtaa wake anaowajua kwa majina ya nyumbani. Timu za majeshi, Ngome, JKT, Magereza na Polisi, ndizo zilizoibeba ridhaa ya nchi hii, na bila wao tusingekuwa hata na hizo shaba. Klabu ya mtaani hainunui tiketi ya basi la mkoani kirahisi.

Hapo ndipo ngumi za kulipwa zinapoingia na kumchukua kijana. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham akiwa ameitwa dakika za mwisho kuziba nafasi, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Nchi nzima ilishangilia, mimi nikiwemo, na nilisimama wima mbele ya televisheni. Wiki ile ile vijana wangu watatu walitaka kujua watapata lini leseni ya kulipwa. Mmoja wao alikuwa hajafikisha mapambano kumi ya ridhaa. Promota alikuwa ameshamtajia fedha ambayo haikutosha kodi ya chumba cha miezi mitatu, lakini kwa kijana anayelala sebuleni kwa shangazi yake, fedha hiyo ni nyingi mno kuikataa.

Sisemi kulipwa ni kubaya. Rashid Matumla alitamba katika kulipwa mpaka jina lake likawa jina la ngumi nchini, lakini alipita ridhaa hadi Olimpiki kwanza. Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Mmarekani Phil Williams pale Diamond Jubilee Agosti 2013, akachukua mkanda wa dunia wa WBF, na usiku ule Upanga haikulala. Ninachokipinga ni kumtoa mtoto darasa la tatu na kumpeleka akafanye mtihani wa kidato cha nne. Katika ridhaa mwamuzi anasimamisha mapema, raundi ni chache, wadogo wanavaa kinga ya kichwa, na kushindwa hakumharibii mtu rekodi ya biashara. Katika kulipwa, kijana mchanga anaweza kuwekwa mbele ya mtu aliyekomaa kwa sababu tu mtu huyo anahitaji ushindi mwepesi. Tunao usemi wetu ukumbini kwa hao wanaochukuliwa kupigwa: wanaitwa ngazi. Nimekataa kijana wangu yeyote awe ngazi ya mtu, na kwa kukataa huko nimepoteza vijana, wamekwenda kwa makocha wengine. Bado nakataa.

4. Ulizia chungu kabla ya kuulizia kilo

Kijana anafika mazoezini amelegea, unamfokea kwamba mvivu. Muulize amekula nini. Mara nyingi ni chai na andazi asubuhi, basi, na saa kumi na mbili jioni anataka kupigana sparingi, ngumi za mazoezi. Mwili usio na chakula haufundishiki. Hausahihishi makosa wala haukumbuki ulichoambiwa, na unaumia haraka.

Tulizungumza na mama lishe aliye jirani na ukumbi. Vijana wanaokaribia mashindano wanakula kwake, ugali, maharage, dagaa na mboga za majani, na klabu inalipa mwisho wa wiki kwa michango ya wale wenye kazi. Dagaa wamenisaidia kujenga mabondia kuliko unga wowote wa kopo wanaouona mitandaoni.

Kupunguza kilo nako kuna utamaduni mbaya. Kijana anajifunga mifuko ya plastiki tumboni, anavaa makoti mawili, anakimbia jua la saa saba la Dar es Salaam, anakataa maji siku nzima ili mizani imkubali. Mizani itamkubali. Kesho yake ulingoni ubongo umekauka, na ubongo uliokosa maji hauvumilii konde. Kwangu sheria ni kwamba bondia anapigana katika uzito anaoutembea nao akiwa mzima, na tofauti ndogo tunaishusha kwa wiki, kwa chakula. Asipofikisha, tunapanda uzito wa juu yake au tunaacha shindano. Shindano jingine litakuja.

5. Ruhusa inatoka kwa mama

Sipokei mtoto bila kuonana na mzazi. Wengi wao wanatoka nyumba za mama au bibi. Nakwenda mwenyewe, navua viatu, nakaa ninapoonyeshwa.

Mama mmoja wa Mtongani, muuza vitumbua, alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea na unga. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama," nilikuwa nimeanza, maana alinizidi umri kidogo.

"Marahaba, baba. Karibu."

Nilipomaliza kueleza habari za mashindano na fulana ya taifa, alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Baba, yote hayo nimeyasikia. Mimi huyu ndiye tegemeo langu. Utanirudishia na akili zake?"

Nikamwambia, "Mama, ndiyo maana nimekuja. Siku nitakayomwona amepigwa vibaya, nitamtoa hata kama anashinda. Na wewe ukisema asipigane, hapigani."

Alikaa kimya, kisha akamwita mwanawe akamwambia, "Umesikia? Ukimbishia mwalimu wako, umenibishia mimi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimpa kila mzazi ahadi ile ile, kwa maneno yale yale. Ina faida yake kwenye kona pia: kijana akinililia nisimsimamishe, najua nimeahidi nini na nimemwahidi nani. Wazazi nao wamekuwa macho yangu. Mama ndiye anayekuja kuniambia kwamba mtoto ameanza kulalamika kichwa usiku, au anasahau alichotumwa dukani. Kijana mwenyewe asingesema.

6. Taulo ni kifaa cha kocha

Mwishoni mwa Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki dunia hapa Dar es Salaam baada ya kupigwa katika pambano. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila kocha wa jiji hili aliipokea habari ile kifuani, kwa sababu kila mmoja wetu ana kijana aliyewahi kumwangalia akienda chini na kuhesabiwa.

Kinachotokea kichwani si siri. Konde linapompata mtu pasipo yeye kuliona, hasa la pembeni ya taya, kichwa kinazunguka ghafla na ubongo unabaki nyuma kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha unaufuata mfupa. Mishipa midogo inanyofoka. Damu ikivuja ndani ya fuvu haina pa kwenda, inaugandamiza ubongo. Mara nyingine bondia anashuka ulingoni mwenyewe, anazungumza, anacheka, halafu saa moja baadaye anasema kichwa kinapasuka. Huyo hapelekwi nyumbani kulala. Anapelekwa hospitali yenye kipimo cha kichwa, usiku huo huo.

Sheria za ridhaa za kimataifa ziko wazi kwa aliyepigwa KO ya kichwa: hakuna kupigana wala sparingi kwa siku 30 angalau. Akipigwa mbili ndani ya miezi mitatu, anakaa siku 90. Zikifika tatu ndani ya miezi 12, anakaa mwaka mzima. Shida ya mtaani ni kwamba hakuna anayeandika. Kijana anaangushwa Manzese Jumamosi, wiki mbili baadaye anapanda ulingo wa Mbagala, na hapo hakuna anayejua. Zaidi ya yote, ubongo hautofautishi pambano na mazoezi. Aliyeangushwa kwenye sparingi Jumanne ameangushwa.

Kwa hiyo nina daftari. Kila bondia ana ukurasa wake: tarehe, amepigana na nani, raundi ngapi, amepigwa wapi, ameangukaje. Ukurasa ukisema apumzike, anapumzika. Atakuja ukumbini kushika saa, kufunga wenzake bendeji, kufagia. Sparingi ni siku mbili tu kwa wiki, kwa glovu kubwa, na anayetaka kuua mwenzake anatoka nje. Na nikiwa kona, taulo liko begani kwangu muda wote, si ndani ya ndoo. Nimelirusha kusimamisha pambano, ukumbi mzima ukinizomea. Naangalia vitu vitatu: macho yanafuata ngumi au yamechelewa, miguu inaitika au inaburuta, na kijana akiulizwa jambo dogo kwenye kona, kama jina la mtaa wake, anajibu upesi au anatafuta. Kimoja tu kikikosekana kinanitosha.

7. Msichana apewe ratiba ile ile

Wanawake waliingia Olimpiki kwa ngumi London 2012, na Jumuiya ya Madola mwaka 2014. Huku kwetu bado watu wanakuja dirishani kuwachungulia. Nilichojifunza ni kutowafanyia mazoezi ya pembeni. Mraba wa chaki ule ule, gunia lile lile, mbio zile zile. Nilichobadilisha ni saa ya kumaliza, ili wafike nyumbani kabla giza halijaingia, na kuhakikisha pana chumba chenye kitasa cha kubadilishia nguo. Wanasikiliza vizuri, na hawana ile tabia ya wavulana ya kutaka kulipa kila ngumi waliyopigwa.

8. Anayepigana mtaani hana nafasi

Kila magenge ya Panya Road yalipotikisa jiji, majirani walikuja kuniuliza, kwa upole lakini kwa wasiwasi, kama siwatengenezei vijana mikono ya kuwavamia. Swali lao lilikuwa la haki. Jibu langu ni utaratibu: akithibitika amempiga mtu nje ya ukumbi, anasimamishwa, na anakwenda kumwomba radhi aliyempiga mbele ya mjumbe wa mtaa. Wachache wamegoma na kuondoka. Wengi wamekwenda. Ajabu ni kwamba kijana aliyechoka kwa mazoezi halali hatafuti ugomvi usiku, anatafuta kitanda.

9. Siku ya kulipwa ikifika, soma karatasi

Inafika. Kijana amemaliza shule yake ya ridhaa, ana umri, ana mapambano, ana haki ya kula kwa mikono yake. Hapo sitamchelewesha tena. Namsindikiza.

Promota wa kweli hachukii maswali. Kwanza natazama kama pambano limepitia Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa na lina kibali. Kisha mpinzani: ana mapambano mangapi, amekaa nje muda gani, uzito wake wa kawaida ni upi. Halafu fedha, na hapa vijana wetu wanaumia sana. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na iandikwe italipwa lini: sehemu kabla ya kupima uzito, iliyobaki kabla ya kuondoka ukumbini. Ahadi ya kulipwa "tukishahesabu geti" haingii kwenye karatasi yangu. Nani analipa nauli, chakula na malazi kama ni nje ya Dar es Salaam. Mkataba unambana kijana kwa pambano hili tu, au kwa miaka? Nimewahi kukuta kipengele cha miaka mitano kimejificha ukurasa wa mwisho, kwa Kiingereza, mbele ya kijana aliyeishia darasa la saba. Siku hizi mkataba unasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mzazi akiwepo, na kalamu haitoki mfukoni mpaka mzazi aseme ameelewa.

Swali la mwisho ni la daktari na gari la wagonjwa. Jina la daktari atakayekaa kando ya ulingo, gari litakaloegeshwa nje likiwa na dereva ndani yake, na hospitali itakayopokea usiku ule. Nayaandika yote kwenye daftari lile lile, ukurasa wa bondia huyo. Promota akiniambia gari litatafutwa siku hiyo hiyo, namrudishia karatasi yake bila sahihi, na Jumatatu kijana wangu yuko ukumbini na wenzake.